Nta ya Warumi

Mwalimu Qiao Suzhen alijulikana katika mji mzima wa Baiyukou kwa neno moja. Lilikuwa kivumishi cha Kiingereza, *sincere*, na kitabu cha darasa la tisa kililieleza kwa mstari mmoja wa Kichina: mtu wa dhati, asemaye kilicho moyoni. Walimu wengine waliwaandikisha wanafunzi mstari huo mara kumi, kisha wakaenda kwenye neno linalofuata. Suzhen alifanya vingine. Kwa miaka kumi na sita, siku ya neno hilo, aliingia darasani na chungu chenye ufa, kipande cha nta na chupa ya maji ya moto, akasimulia habari za mafundi wa Roma ya kale.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi mlaghai alipopasua sanamu kwa bahati mbaya, alijaza ufa kwa nta, akaipaka vumbi la jiwe, akaiuza sanamu kama nzima. Jua la kiangazi lilipowaka, nta iliyeyuka na ulaghai ukaonekana. Ndipo mafundi waaminifu walipoanza kuandika mlangoni maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya "bila nta", na katika maneno hayo mawili likazaliwa neno la Kiingereza. Alipofika hapo, Suzhen alimimina maji ya moto ndani ya chungu. Nta ilitoka, maji yakavuja mezani, na darasa likapiga makofi. Baiyukou ni mji ambao kila nyumba ya tatu ina joko la kuchomea vyombo. Hapakuwa na mtoto aliyehitaji kuelezwa ufa ni nini.

Msimu ule wa vuli somo hilo lilimpeleka mbali kuliko alivyotarajia. Lilishinda katika wilaya, likashinda katika mkoa, na sasa majaji wa jimbo zima la Henan walikuwa wanakuja wenyewe kulitazama. Hakuna shule ya Baiyukou iliyowahi kufika hapo. Kwa Suzhen palikuwa na jambo la ziada. Mara mbili alikuwa ameomba cheo cha mwalimu mwandamizi, na mara mbili fomu yake ilirudishwa kwa sababu hakuwa na tuzo ya kwanza ya jimbo. Sasa tuzo ilikuwa umbali wa dakika arobaini, urefu wa kipindi kimoja.

Walimu wa pale husema kwamba somo la wageni lazima "lisagwe", yaani lirudiwe hadi lilainike, na lake lilisagwa wiki sita. Mkuu msaidizi, Mwalimu Geng Baoshan, aliketi nyuma ya darasa na saa ya kupimia mbio, akikata sekunde hapa na kuongeza tabasamu pale. Kila swali lilikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa na mwanafunzi wake. Geng pia aliwakumbusha wanafunzi desturi ambayo shule ilikuwa nayo tangu zamani.

"Mwalimu akiuliza, wote mnanyoosha mkono. Wote! Anayejua, mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mwalimu Qiao atawaita wa kulia tu. Wageni wakiangalia waone msitu wa mikono. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" walijibu wanafunzi hamsini na wanane.

Katika zoezi la nne, zikiwa zimebaki siku kumi, mkono mmoja ulinyooka mahali ambapo hapakuwa na swali. Ulikuwa wa Meng Yaqin, binti wa mfinyanzi wa mtaa wa juu, msichana mrefu ambaye alama zake zilikuwa nzuri na adabu yake ilijadiliwa katika kila kikao cha walimu.

"Samahani, Mwalimu. Hiyo habari ya nta imeandikwa kwenye kitabu gani?"

"Swali hilo halimo kwenye andalio la somo," alisema Geng kutoka nyuma.

"Najua halimo, Mwalimu Geng. Ndiyo maana nauliza."

Darasa likacheka. Yaqin hakukaa. "Baba anasema nta kwenye ufa inabadilika rangi hata mwezi haujaisha. Mnunuzi akipitisha ukucha tu, umeumbuka. Sasa hawa Warumi, watu waliojenga barabara zote zile, hawakuwa na kucha?"

"Labda mama zao waliwakata kucha kila siku!" alidakia mtu nyuma, na kicheko kikazidi.

Suzhen naye alicheka. Lakini alipofika ofisini na kutaka kuandika jina la kitabu kwenye andalio, alikuta hana jina la kuandika. Alitafuta katika vitabu vya shule, asipate. Aliyemsimulia hadithi ile alikuwa mhadhiri wake wa chuo cha ualimu, Shen Wenbo, ambaye sasa alikuwa mstaafu mjini Kaifeng, akipanda maua ya krisanthemu kwenye vyungu. Alimpigia simu.

"Mwalimu Shen, ile hadithi ya nta uliyotufundisha. Uliitoa wapi?"

Upande wa pili palikuwa na kikohozi kirefu. "Suzhen, miaka ishirini imepita, na unaniuliza leo?"

"Nauliza leo."

"Niliitoa kwa mwalimu wangu. Naye sijui aliitoa wapi. Nilipostaafu nikapata muda wa kufungua kamusi kubwa, zile za asili za maneno. Si kweli, binti yangu. Watu waliitunga baadaye kwa sababu sauti zinafanana. Neno la Kilatini lenyewe lilikuwa na maana ya kitu safi, kizima, kisichochanganywa na kitu kingine. Wapo wanaodhani mzizi wake ni wa kitu kilichoota peke yake, cha namna moja tu, ila hilo hawana hakika nalo. Miaka mia nne iliyopita Waingereza waliweza kuiita hivyo hata divai isiyotiwa maji. Nta haimo kabisa."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya," alisema mzee. "Na hadithi ni nzuri mno. Nilisikia umekuwa maarufu kwayo."

Suzhen alishukuru, akakata simu, akabaki ameishika. Alihesabu wanafunzi. Miaka kumi na sita, madarasa mawili kila mwaka. Walikuwa karibu elfu mbili.

Geng alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Umechanganyikiwa, Xiao Qiao?" alisema, akimwita "Qiao mdogo" kama wakubwa wa pale wawaitavyo wadogo wao. "Zimebaki siku tisa! Andalio limeshapelekwa jimboni, lina muhuri."

"Ninachofundisha si kweli, Mwalimu Geng."

"Majaji wenyewe wanakifundisha hicho hicho! Wote wametoka vyuo hivyo hivyo. Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua."

Geng alijikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameijenga shule ile kutoka mabanda mawili, na kuta zake alizipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. "Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Ongeza neno moja tu. Inasemekana. *Inasemekana* wachongaji wa Roma walifanya hivi. Ukishasema inasemekana, hakuna wa kukukamata. Mimi nimeandika ripoti miaka thelathini kwa neno hilo."

Suzhen alirudi mezani kwake, akaandika neno hilo kwa penseli mwanzoni mwa hadithi. Lilitosha vizuri kwenye mstari. Lingempa tuzo, na tuzo ingempa cheo, na hakuna ambaye angeweza kusema kwamba amedanganya. Usiku huo alilala vyema. Asubuhi yake alipolitazama tena lilimkera, lakini aliliacha.

Jumapili joko la baba yake lilifunguliwa. Qiao Deshun alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili na bado hakumruhusu mtu mwingine kutoa vyombo. Suzhen alisimama pembeni na beseni la maji, kama alivyofanya tangu utoto wake. Vyombo vingi vilitoka vimepinda au vimekufa rangi, jambo la kawaida kwa kazi ile. Kisha kikatoka kimoja kisichofanana na vingine: chombo cha maua kirefu kama mkono wa mtu, buluu yenye weupe wa maziwa, na zambarau iliyoanza shingoni ikamwagika hadi begani kana kwamba ilikuwa bado inatiririka. Mnunuzi wa Luoyang, Bwana Tong, alikwisha kutoa simu yake kukipiga picha.

Mzee Deshun alikipindua. Alilowesha kidole gumba, akakizungusha kwenye kitako, kikasimama mahali fulani. Pale palikuwa na ufa mfupi kuliko punje ya mchele.

"Mzee wangu, huo si ufa, huo ni unywele," alisema Tong. "Nipe hivyo hivyo. Kitakaa kwenye rafu. Nani atakwenda kukipindua?"

"Mimi nimeshakipindua."

"Lakini wewe hutakuwa nyumbani kwangu!"

"Jina langu litakuwepo. Limeandikwa hapo hapo kwenye kitako."

Alichukua nyundo ndogo iliyoning'inia mlangoni, akakipiga mara moja. Tong alifumba macho. Mzee alivikusanya vigae kwa ufagio na kuendelea kutoa vyombo vingine, bila hotuba.

Baada ya Tong kuondoka, Suzhen aliuliza, "Baba, hukuhuzunika?"

"Kwa nini nisihuzunike? Sijapata zambarau kama ile tangu mama yako afariki."

"Na kama ungekuwa umeshakiuza?"

Mzee alimtazama. "Ilishatokea. Mwaka tuliomwoza dada yako, niliuza birika mjini Nanyang. Mwaka mmoja baadaye nikagundua udongo wa joko lile lote ulikuwa na kasoro. Nikapanda basi na birika jingine."

"Mpaka Nanyang!"

"Mpaka mlangoni kwao. Mwenye nyumba alinicheka. Akasema, mzee, hili birika halijanivujia hata tone. Nikamwambia, shida si yako, ni yangu. Lete."

"Uliona haya?"

"Wakati wa kwenda, sana. Nusura nishuke njiani." Aliweka chombo kingine chini, kizima. "Wakati wa kurudi nilikula bakuli mbili za tambi kwenye stendi. Mbona unauliza uliza leo, binti? Kuna kitu?"

"Hakuna, Baba."

Jioni alifuta kwa kifutio lile neno la penseli. Hakumwambia Geng. Alijua kwamba kama angemwambia, angeshawishika upya.

Siku ya somo, shule ilinuka rangi mpya. Wageni thelathini na wawili waliketi nyuma ya darasa kwenye viti vya plastiki, na katikati yao aliketi jaji mkuu, Bi Lian Shuqing, mwanamke mfupi aliyevaa miwani yenye mnyororo na kuandika bila kutazama karatasi. Geng alisimama karibu na mlango, amevaa tai.

Suzhen alianza. Alisimulia hadithi ya nta vizuri kuliko siku zote, kwa Kiingereza chepesi ambacho hata wanyonge wa darasa walikifuata. Maswali yalikwenda, mikono ya kulia ilijibu. Alimimina maji ya moto, nta ikatoka, maji yakavuja mezani, na wageni wakapiga makofi. Geng alitazama saa yake na kuitikia kwa kichwa kwa furaha. Dakika ya ishirini na mbili. Sawasawa kabisa.

Kwenye andalio, sasa alitakiwa kuandika ubaoni maneno "bila nta". Alishika chaki, akaigeukia hadhira, akairudisha chaki mahali pake.

"Mmeipenda hadithi hii," alisema. "Hata mimi naipenda. Nimeifundisha kwa miaka kumi na sita. Siku kumi zilizopita mwanafunzi mmoja wa darasa hili aliniuliza imeandikwa wapi. Nilitafuta. Haikuandikwa na Warumi. Si ya kweli."

Maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka mezani. Geng aliligeuza andalio alilolishika, akalitazama upande wa nyuma, kana kwamba huenda mstari huo uliandikwa huko. Suzhen alihisi masikio yake yanawaka moto. Aliendelea, kwa sababu kurudi nyuma hakukuwezekana tena.

Aliandika ubaoni neno la Kilatini, na chini yake maana tatu: safi, kizima, kisichochanganywa. Aliwaeleza habari za divai isiyotiwa maji. Aliwaeleza kwamba watu walilihamisha neno taratibu kutoka kwenye vitu hadi kwenye mioyo, na kwamba mtu akiitwa hivyo leo, maana yake ni kuwa ndani yake hakuna mtu wa pili. Kisha akauliza swali ambalo hakuwa amempa mtu yeyote.

"Hapa Baiyukou, ni kitu gani ambacho Mrumi angekiita kwa neno hili?"

Mikono hamsini na minane ilinyooka. Yote ilikuwa ya kushoto.

Bi Lian aliacha kuandika. Mgeni mmoja alimnong'oneza jirani yake, jirani akaegemea mbele kutazama vizuri zaidi. Darasa zima lilikuwa limeshika desturi kwa uaminifu kamili: walikuwa hawajui, na walisema hivyo. Geng alifunika uso kwa andalio.

"Vizuri," alisema Suzhen. "Leo nitawaita wa mkono wa kushoto. Yaqin."

Yaqin alisimama polepole. Kwa mara ya kwanza tangu aingie shule ile, alionekana kuogopa. "Sina hakika, Mwalimu."

"Jaribu."

Alijaribu kwa Kiingereza, neno baada ya neno, akiyatafuta mengine darini. "Udongo. Tunauchimba mlimani. Tunauosha. Mara saba. Mchanga unaondoka. Mizizi inaondoka. Unabaki udongo peke yake." Alinyoosha mikono miwili kana kwamba ameshika waya. "Tunaukata katikati. Ndani ni rangi moja. Nje ni rangi hiyo hiyo. Nadhani ni huo."

Suzhen aliandika jibu hilo ubaoni. Alikuwa amezaliwa juu ya udongo huo. Miaka kumi na sita alikuwa amewaonyesha watoto hawa ufa wa watu wengine, na jambo lenyewe lilikuwa kwenye mabeseni ya nyua zao.

"Mara saba!" Sauti ilitoka safu ya tatu, kwa lahaja ya nyumbani, ambayo ilikuwa marufuku katika kipindi cha Kiingereza. "Kwenu mnaosha mara saba? Kwetu tisa!"

"Tisa! Ndiyo maana babu yako hamalizi kazi!"

"Hamalizi lakini vyombo vyake havipasuki!"

"Kwa Kiingereza!" alisema Suzhen. "Gombaneni, lakini kwa Kiingereza."

Nao wakagombana kwa Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza kibovu, chenye vitenzi vilivyovunjika miguu, lakini kilikuwa chao. Waligombana kuhusu idadi ya kuosha, kuhusu udongo wa mlima wa mashariki na wa magharibi, kuhusu nani kati ya baba zao anachanganya na nani hachanganyi. Neno la siku lilitumika mara nyingi kuliko lilivyopangwa katika wiki sita zote. Udongo wako si *sincere*. Wangu ndio. Mikono ilinyooka bila utaratibu, ya kushoto na ya kulia, na hakuna aliyekumbuka tena tofauti yake. Kengele ililia na kupita. Walimaliza dakika nne baadaye.

Wageni walipotoka, Bi Lian alibaki. Alikuja hadi kwenye meza yenye maji.

"Mwalimu Qiao, mimi nimeifundisha hadithi ya nta miaka ishirini na miwili."

"Mimi kumi na sita, Bi Lian."

"Umenikalisha pale mbele ya watu thelathini, nikahesabu wanafunzi wangu." Alikunja karatasi zake. "Na ile mikono ya kushoto ni mtindo wa nani?"

Suzhen alimtazama Geng aliyekuwa mlangoni, mweupe kama chaki. "Wetu sote," alisema.

"Hm. Kwetu ilikuwa kiganja kwa anayejua, ngumi kwa asiyejua." Bi Lian aliondoka bila kutabasamu.

Mwezi mmoja baadaye matokeo yalikuja. Shule ya Baiyukou ilikuwa ya pili katika jimbo zima. Ilipoteza alama kwa kuzidisha muda, na nyingine nyingi kwa kuacha andalio lililoidhinishwa. Sharti la cheo cha mwandamizi lilikuwa tuzo ya kwanza. Fomu ya Suzhen ilirudi kwa mara ya tatu.

Geng aliileta mwenyewe. Aliiweka mezani, akabaki amesimama.

"Dakika nne," alisema. "Dakika nne na ulimi wako, Xiao Qiao. Cheo kilikuwa chako."

"Najua, Mwalimu Geng."

"Umejuta?"

Suzhen alifikiri kwanza, kwa sababu swali lilistahili jibu la kweli. "Nimeumia," alisema. "Sijajuta."

Geng alivuta kiti, akaketi. Akatoa barua ya pili. Ofisi ya jimbo ilitaka kulichapisha somo hilo katika kitabu cha masomo ya mfano, kwa ajili ya walimu wote wa Kiingereza wa Henan. Barua ilitiwa saini na Bi Lian, na ilikuwa na ombi moja: asili ya neno iandikwe kama ilivyosemwa baada ya dakika ya ishirini na mbili, pamoja na jina la kamusi.

"Wanataka andalio jipya kufikia Ijumaa," alisema Geng. Alijitahidi kuongea kama mtu anayetoa amri ya kawaida, lakini kidevu chake kilikuwa kimeinuka juu ya kola. "Jina la shule litakuwa kwenye jalada la ndani. Andika vizuri. Na usiweke *inasemekana*."

Aliandika siku mbili. Sehemu ya chungu, nta na maji ya moto aliiacha humo, ikiwa na maelezo kwamba ni hadithi iliyotungwa na watu. Chini yake aliandika udongo, waya na ugomvi. Alipomaliza aliupeleka mswada ofisini kwa Geng ili upigwe muhuri. Geng aliusoma ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole, hadi akafika mstari wa mwisho.

"Hii ni nini? 'Swali liliulizwa na Meng Yaqin, mwanafunzi, darasa la tisa.' Andalio haliandikwi jina la mwanafunzi. Sijawahi kuona."

"Hili litaandikwa."

"Watalikata."

"Wakate wao. Sisi tusilikate."

Geng aliusoma mstari huo tena. Kisha alifungua droo, akatoa muhuri wa shule, akaubonyeza kwenye wino mwekundu mara mbili ili ulowe sawasawa, akaugonga kando ya jina la msichana kwa nguvu zake zote.